Mzee Mizani na Wadai Wake

Wewe uliyeoa katika ukoo wa watu wa duka utanielewa upesi. Uliyeoa kwa walimu au kwa wavuvi, nivumilie, maana nyumba ya watu wa duka ina sheria zake, na mkwe huzikuta zimeshapitishwa. Kwetu hapa Makorora, Tanga, chumvi hupimwa. Mchele wa usiku hupimwa. Mke wangu hajawahi kuchota unga kwa kukisia tangu aingie nyumbani kwangu, na watoto wamerithi mkono huo huo. Hata tukigawana muhogo wa kuchoma, hakosi mmoja wa kuuliza nani kapunjwa.

Chanzo cha yote hayo ni baba mkwe wangu. Kule Ngamiani, kwenye barabara zetu zinazoitwa kwa namba, watu walimwita Mzee Mizani. Duka lake lilikuwa la kona. Juu ya kaunta ilikaa mizani ya sahani mbili, na mawe yake yalipangwa kuanzia kubwa hadi dogo, na ole wako uyaguse kabla hujanawa mikono. Kutoka kwenye kaunta hiyo alizaa ghala la nazi, kisha lori la kubebea machungwa ya Muheza, na ndani ya biashara hiyo akawaingiza watoto wake wote, mmoja baada ya mwingine, kwa mshahara alioupanga yeye. Siku alizougua alikuwa bado anauliza sukari imeamkia bei gani.

Tulimzika baada ya Alasiri. Watu walikuwa wengi hadi barabarani. Ilipomalizika dua, sheikh akasimama na kusema yale yanayosemwa kwetu kila maziko: kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze, au awaone warithi, ili deni lisimkalie. Shemeji yangu mkubwa, ambaye watoto humwita Mjomba Foleni, alijibu kwa niaba ya familia kwa sauti iliyonyooka. Mzee hakudaiwa na mtu. Kama kuna mtu katika mji huu aliyekufa bila deni, ni mzee wetu. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Ndipo mkono mdogo ukanyooshwa katikati ya makanzu. Ulikuwa wa mwanangu wa kiume, Kijogoo, mwenye miaka tisa.

"Mimi namdai," akasema. "Na wenzangu pia wanamdai."

Nilimkanyaga mguu polepole, akausogeza. Sheikh, mtu mwenye subira, akamuuliza anadai nini.

"Kengele ya baiskeli na jogoo mwekundu. Imeandikwa."

Kijogoo alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu kweli iliandikwa. Usiku ule, wageni walipopungua, binti yangu mkubwa tunayemwita Karani alitoa daftari la babu yake kutoka kwenye mkoba wa shule. Lilikuwa lile lile refu la jalada gumu tulilolijua sote, la wateja wa mkopo. Madaftari ya zamani mzee aliyaandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa vijana wa chuoni enzi zake, na hakuna katika familia yetu anayeyasoma kwa ufasaha isipokuwa bibi yao. Lakini kurasa za mwisho za daftari hili ziliandikwa kwa herufi za kilatini, kubwa kubwa, kila neno limeachana na mwenzake, ili wajukuu wazisome wenyewe. Kichwa chake kilikuwa NINAYODAIWA. Chini yake majina ya wajukuu, kila mmoja na safu yake.

Tukakaa baraza la familia. Nikutajie wajumbe, maana bila kuwajua hutaelewa kwa nini mambo ya nyumba hii hayaishi kwa kikao kimoja. Mwenyekiti ni mama mkwe wangu, Bi Mofa, ambaye mkate wake wa mofa umelisha nusu ya Barabara yao na ambaye hasemi mpaka wengine wachoke. Wa pili ni Mjomba Foleni, aliyepata jina kwa sababu alizaliwa wakati wa foleni za sukari, na mama yake husema alitoka tumboni akiuliza nani wa mwisho. Wa tatu ni Shangazi Majani Mapana, dada wa marehemu, anayeitwa kwa mtaa anaokaa. Habari ikimfikia saa mbili asubuhi, saa tatu imeshafika Duga. Wa nne mke wangu. Mimi huwa nashika birika la chai.

Mjomba Foleni alisema ahadi za wajukuu si madeni, ni mapenzi, na mirathi iendelee. Karani, aliye kidato cha pili, akamjibu kwa adabu zote kwamba ustadh wa madrasa amewafundisha mpangilio: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wagawane. Kama hili ni deni, liko mbele ya fungu la mjomba. Shangazi akapiga kigelegele kidogo, akakumbuka tuko matangani, akanyamaza. Asubuhi yake ustadh mwenyewe aliulizwa. Akasema ahadi ya babu kwa mjukuu haiko sawa na mkopo wa gunia la mchele, ila mzee aliyeiandika kwa mkono wake ndani ya daftari la madeni ameonyesha alivyoitazama, na warithi wakiitimiza ni wema kwake. Bi Mofa, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza tu, "Mtaanza na lipi?" Kikao kikaisha.

Kabla sijakuambia tulivyolipa, hebu nikusogeze kwa mzee mwenyewe, maana watu humjua wa kaunta tu.

Alizaliwa Pangani, baba yake mkata mkonge. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mkonge huku mwaka 1893. Miche 1,000 ilitolewa Florida kupitia Hamburg, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, huko huko Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo ndipo mkoa mzima ukageuka safu za kijani zisizo na mwisho, na reli, na bandari, na makabila ya kutoka kila upande waliokuja kukata majani na kuyafunga matita, yaende kwenye korona kuchunwa, yatoke singa. Baba wa mzee alikuwa mmoja wao, na mwanawe akakua akijua kwamba kipande kisichojaa hakina mshahara. Akaamua yeye atauza kitu. Akaanza na madafu na nazi kwa mabaharia wa majahazi pale Pangani, akahamia Tanga mjini kabla ya uhuru, akafungua duka.

Mkonge ulikuwa na wenyewe wakubwa. Ukoo wa Karimjee Jivanjee, ulioanzia biashara Unguja katika karne ya 19, ulikuwa na mashamba mengi ya mkonge, na jina lao liko Dar es Salaam kwenye Ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge la uhuru lilikaa. Abdulkarim Karimjee alikuwa Spika hadi 1962. Mzee aliwataja kwa heshima, mfanyabiashara anavyomtaja mfanyabiashara. Ila wateja wake yeye walikuwa wale wa chini kabisa ya mnyororo huo, wakataji waliokuja mjini mwisho wa mwezi na waliokopa katikati ya mwezi. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha nyuzi za viwandani zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Mwenye shamba kubwa alipiga hesabu zake kwenye ofisi. Mzee Mizani alipiga zake kwenye daftari la mkopo, akimtazama usoni mtu ambaye hana cha kulipa mwezi huu wala ujao.

Hakuacha kukopesha. Hilo ndilo jambo ninalotaka watu walijue kumhusu. Alipunguza kipimo, akaandika, akangoja. Mke wangu anakumbuka wanaume wazima waliokuja miaka baadaye na noti zilizokunjwa, wakitaja tarehe ya deni kabla mzee hajafungua ukurasa.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili yapishe maduka ya ushirika, na tawi lake dogo la shamba likaenda na upepo huo. Alirudi mjini na rafu za tawi hilo, ubao kwa ubao, juu ya baiskeli. Rafu zile ziko kwangu leo, ndizo kabati la vyombo, na ukivuta mlango wa kushoto wa kulia unafunguka. Nimewahi kupendekeza tununue kabati. Pendekezo liko mbele ya Bi Mofa hadi sasa.

Kisha ikaja miaka ya uhaba, baada ya vita vya Uganda, ambapo sukari na sabuni zilipatikana kwa mgawo kupitia RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, na foleni zilianza alfajiri. Mzee aligawa kidogo alichopata kwa idadi ya watoto katika kila nyumba. Alikuwa anazijua nyumba zote. Mwenye watoto sita alipata zaidi ya mwenye wawili, na mwenye wawili akilalamika aliambiwa akazae. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu walitupa mali vichakani na baharini kwa hofu. Walipofika dukani kwake wapekuzi, aliwapa daftari, akawapa mizani, akawapa na kiti. Walipima, wakasoma, wakalinganisha, wakaondoka. Bi Mofa alikuwa amewaandalia chai na hawakuinywa, jambo analolisimulia mpaka leo kama ndilo tukio zima. Kuanzia 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, rafu zikaanza kujaa tena, akaingia madarakani Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, na miaka ilipopita Mjomba Foleni akapata umri wa kuajiriwa kwenye kaunta. Alifukuzwa kazi na baba yake mara kadhaa na kurudishwa na mama yake mara zile zile.

Sasa mtu huyo mgumu, ambaye binti yake wa kumzaa alilipia kiberiti, mweke mbele ya wajukuu uone.

Kila Ijumaa baada ya sala duka lilifungwa. Wajukuu walipangwa mbele ya mizani ya magunia, ile ya chuma ya kusimama chini, na mmoja mmoja akapimwa. Uzito uliandikwa kwenye daftari pamoja na kunde na choroko. Aliyeongezeka alipewa chungwa kwa kuongezeka. Aliyepungua alipewa mawili ili aongezeke. Mke wangu aliwapeleka watoto kliniki kama mama wote, lakini siku Kijogoo alipopungua kilo moja baada ya malaria, mama yake taarifa aliipata kwa mzee, na pamoja na taarifa ikaja nyama ya mbuzi ambayo haikuandikwa popote.

Mjukuu wa kike mdogo kuliko wote, wa miaka mitano, alikuwa mke wake kwa utani wetu wa babu na mjukuu, na tunamwita Bi Harusi. Huyo aliruhusiwa kupanda juu ya kaunta. Aliruhusiwa kuyapanga mawe ya mizani bila kunawa. Nilimshuhudia mzee akimwambia mteja aliyefuata sukari asubiri kidogo, kwa kuwa mke wake bado anamsuka nywele, na nywele zenyewe hazikuwepo. Bi Mofa alikuwa akipita anasema, "Mume umenichukulia, basi na nguo zake uzifue," na mtoto anajibu, "Wewe mke mkubwa, fua." Hapo mzee alikuwa anacheka hadi anatafuta leso.

Ahadi alizitoa hapo, siku za Ijumaa, na aliziandika kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kuahidi.

Karani ndiye aliyesimamia malipo ya ahadi hizo kama mdhamini. Alikuwa amesoma habari za Alibhai Mulla Jeevanjee, na tangu msibani hakutupa nafasi ya kupumua. Jeevanjee, aliyezaliwa Karachi mwaka 1856, alikuja Mombasa akafanya biashara kubwa na kazi za reli ya Uganda, akaanzisha gazeti, akawa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, akawapa watu wa Nairobi bustani mwaka 1906. Alifariki 1936. Mwaka 1991 walipotaka kujenga jengo la kuegeshea magari juu ya bustani hiyo, mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama akahamasisha watu kupinga, na bustani ipo hadi leo. Kisha akakaa chini akaandika kitabu kuhusu maisha ya babu yake, kikatoka 1997.

"Mjukuu kaandika," Karani alitwambia mezani. "Sisi wa kwetu tumemwandika wapi?"

Mama yake akamwambia babu yake hakuwa na bustani. Karani akasema alikuwa na daftari. Nilimwangalia mwanangu nikaona nyusi za mzee zikinitazama kutoka kwenye uso wa msichana wa sare ya shule, na nikajua kwamba sitanunua kitu katika nyumba hii bila risiti maisha yangu yote.

Malipo yakaanza. Kengele ya baiskeli ilikuwa rahisi. Kijogoo aliifunga kwenye baiskeli ya babu yake, ambayo miguu yake haifiki kwenye pedeli, na kwa siku nyingi baada ya hapo mtaa wa Makorora haukulala mchana. Jogoo mwekundu alipatikana sokoni baada ya mabishano, kwa sababu jogoo tuliyempata alikuwa na manyoya meupe mkiani na mdai hakukubali wekundu wenye kasoro. Shangazi Majani Mapana akaleta jogoo wake mwenyewe, mwekundu kweli kweli, ambaye usiku wa kwanza aliwika saa nane, saa tisa na saa kumi. Bado tunaye.

Machungwa yakawa mtihani. Wajukuu wa Korogwe, mapacha wa shemeji yangu wa kike, hawakuwa wanafika kila Ijumaa, na kila Ijumaa waliyokosa mzee aliiandika: chungwa moja moja, linangoja. Hakuwahi kufuta. Karani alijumlisha, akajumlisha tena mbele ya mashahidi, ikawa magunia. Mjomba Foleni alisema walipwe fedha. Mapacha wakasema hawadai fedha. Ikabidi lori la mzee lipelekwe Muheza, lijazwe, lifike kwangu, kwa kuwa kwa Bi Mofa uwanja umejaa viti vya msiba. Machungwa yakamwagwa sebuleni. Watoto wa pande zote wakaja kuyahesabu, na mpaka jioni hakuna aliyejua tumefika ngapi, kwa sababu wahesabuji walikuwa wanakula. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Baba Karani, nyumba hii ina baba kweli?" Nikampa chungwa. Akalipokea, akalimenya kwa kisu kwa ule mzunguko mmoja usiokatika, kama alivyofanya baba yake, na akalia hapo hapo akiwa anakula. Nilisimama naye mpaka alipomaliza. Maganda tuliyakuta nyuma ya kabati wiki nyingi baadaye.

Likabaki deni la Pangani. Kwenye safu ya Karani mzee aliandika: kuonyeshwa mahali nilipouza nazi ya kwanza. Kwenye safu ya Bi Harusi: kupanda kivuko, kwenda na kurudi, na halua.

Tulikodi haisi. Waliotakiwa kwenda walikuwa wadai wawili na mimi. Waliokwenda ni ukoo. Bi Mofa alikaa mbele na kapu la mofa na chupa za chai. Shangazi alikuja na sufuria ya pilau iliyofungwa kanga, akaishikilia mapajani safari nzima kama mtoto mchanga. Mjomba Foleni alitungojesha mpaka jua likachoma, akafika akiuliza kwa nini hatujaondoka. Kijogoo alimleta jogoo, kwa hoja kwamba ni mali yake na anaweza kusafiri nayo. Tongoni tulisimama kwa sababu mapacha walitapika, machungwa bila shaka, na tukatumia nafasi hiyo kuingia kwenye magofu, katikati ya msikiti wa kale na makaburi yale yenye nguzo. Bi Mofa aliwasalimia wenye makaburi, akawaombea. Jogoo akakimbilia kati ya makaburi. Tulimkamata wanaume wanne.

Pangani, karibu na mto, Karani alifungua daftari akamgeukia bibi yake. Bi Mofa akaonyesha mahali kwa mkono: hapa, chini ya ukuta huu. Tukatulia, watoto wakapaangalia. Kisha Bi Mofa akatembea kidogo, akasimama, akasema hapana, ni pale, karibu na majahazi yalipokuwa yanaegesha. Shangazi, ambaye ndiye aliyezaliwa naye, akasema pote si penyewe, kaka yake aliuzia ng'ambo. Mawifi wawili hao, waliopendana na kubishana maisha yao yote, wakabishana pale mbele ya wauza samaki hadi muuza samaki mmoja mzee akaingilia, akasema yeye hakumjua mtu huyo ila enzi hizo watoto waliuza popote penye baharia mwenye kiu. Karani aliyaandika maeneo yote matatu, na la muuza samaki, akapiga mstari mwekundu. Deni lake limelipwa.

Kwenye kivuko Bi Harusi alishika mkono wangu. Tukavuka hadi Bweni pamoja na baiskeli, mbuzi na gari la maji. Alikula halua yake tuliyoinunua Tanga, akaangalia maji, akaniuliza maswali mengi kuhusu chini ya mto kuna nini, nikajibu niliyoweza. Tukavuka kurudi. Upande wa pili Karani alikuwa anangoja na kalamu nyekundu.

"Bado," akasema Bi Harusi.

Tukamwuliza bado nini. Kapanda. Kaenda na karudi. Halua kala, na midomo inang'aa.

"Babu alisema nitapanda *na yeye*."

Karani akasoma tena mstari. Ulisema kupanda kivuko, kwenda na kurudi, na halua. Akamsomea mdogo wake. Bi Harusi akasema hayo ndiyo yaliyoandikwa, lakini alipokuwa anaandika alisema kwa mdomo, na yeye alikuwa juu ya kaunta, alisikia. Mjomba Foleni alitaka kusema neno kuhusu ushahidi wa maandishi, akamwona mama yake, akalimeza. Mke wangu aligeukia mto. Mimi nilikuwa na maneno ya kumbembeleza mtoto, na hakuna hata moja lililokuwa la kweli kiasi cha kumpa mtoto aliyelelewa na Mzee Mizani. Nikachuchumaa nikamwambia, "Ni kweli mwanangu. Hilo hatuwezi kulilipa." Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa analijua. Alichotaka ni lisifutwe.

Karani akafunika kalamu. Kila mwisho wa mwaka alikuwa anamsaidia babu yake kufunga hesabu, na aliyafahamu: mstari uliolipwa hukatwa, usiolipwa huhamishiwa daftari jipya. Tuliporudi Tanga tulinunua daftari la jalada gumu. Jumatatu iliyofuata duka likafunguliwa. Mjomba Foleni yuko kwenye kaunta, mama yake amemweka kwa muda, na Karani hupita akitoka shule kukagua. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, ameuhamisha kwa mwandiko wake: Bi Harusi, kivuko, kwenda na kurudi, na Babu. Mstari wa pili umeandikwa kwa jina langu, maana asubuhi hiyo Bi Mofa alinituma unga wa mofa kilo mbili nami nilitoka bila pochi. Nililipa saa kumi na moja jioni. Walihesabu chenji mbele yangu, wakakata mstari, wakaniambia karibu tena.